Ludlow Inaliwa Mchana

Kila nikisoma makala za Waingereza kuhusu kula Ludlow naona kama zimeandikwa na mtu mmoja, kafika jioni, meza kashaibuku wiki tatu kabla, kaletewa kozi sita za vijisahani, kalala hoteli, asubuhi karudi zake London, alafu anatuandikia kwamba ule mji zamani ulikuwa mji mkuu wa chakula Uingereza na siku hizi umepoa. Mi naona huyo bwana kafika saa mbaya tu. Ludlow inaliwa mchana, na ukifuatilia kwa nini iko hivo utaelewa migahawa ya miji midogo ya Uingereza inaishi vipi, ipi inakufa mapema, na kwa nini pai la buchani limeishi kuliko nyota ya Michelin, ile tuzo ambayo wakaguzi wa kitabu cha Michelin wanaipa migahawa bora.

Kwa asiyeijua, Ludlow iko Shropshire, magharibi ya England karibu na mpaka wa Wales. Treni kutoka Shrewsbury au Hereford ni kama nusu saa, kutoka London ni zaidi ya masaa matatu na lazima ubadilishe njiani. Watu wake ni kama elfu kumi tu. Mji umekaa juu ya kilima, mto Teme unapita chini yake, na pale juu kuna ngome ya mawe ambayo ukoo wa de Lacy walianza kuijenga mwishoni mwa karne ya 11 ili kuwachunga Wawelshi. Nje ya lango la ngome kuna uwanja wa soko na mpaka leo watu wanauza hapohapo, Castle Square, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, alafu Alhamisi ya pili na ya nne ya mwezi wanakuja wakulima na watengenezaji wa vyakula wa maeneo ya karibu. Zamani katikati ya uwanja kulikuwa na jengo kubwa la matofali, likabomolewa miaka ya 1980, na kiukweli uwanja ulipata hewa.

Sasa kuna jambo ambalo waandishi wa chakula wanalipita mbio. Huu mji tangu enzi una matumbo mawili. Tumbo la kwanza ni la gulio, watu wa mashambani wanaofika asubuhi na kondoo, siagi, sufu, mayai, wanauza, wanataka kitu kizito cha haraka saa sita au saba mchana, alafu wanaondoka kabla giza halijaingia. Tumbo la pili ni la mgeni mwenye hela anayelala. Kuanzia karne ya 15 mpaka 1689 Ludlow ilikuwa makao ya Baraza la Wales na Mipakani, kwa kifupi mahakama na serikali ya eneo lote lile, kwahiyo mawakili, makarani na watu wenye kesi walikuwa wanajaa pale, na kesi zenyewe unazijua, haziishi siku moja, mtu anakaa wiki anakula na kunywa kwa hela yake. Hata mtoto mkubwa wa mfalme Henry VII, Prince Arthur, aliishi kwenye ile ngome na akafia humo 1502. The Feathers, ile nyumba ya mbao za kuchongwa ambayo kila mtalii lazima aipige picha, ilijengwa 1619 na wakili anaitwa Rees Jones aliyefuata biashara ya hilo baraza, baadaye ikageuka nyumba ya wageni. Baraza likavunjwa, mji ukaja kuishi kwa kushona glovu, glovu nazo zikadorora karne ya 19, ila gulio halikuwahi kuondoka. Tumbo la mgeni linajaa na kukauka kulingana na upepo wa nyakati, la gulio linakula kila wiki.

Ukiwa na hilo kichwani, hadithi ya nyota za Michelin inabadilika sura.

Mwaka 1994 mpishi Shaun Hill alifungua The Merchant House, nyumba ya zamani yenye meza chache, jikoni alikuwa peke yake na mkewe Anja ndo anahudumia wateja. Ikapata nyota. 1997 Chris na Judy Bradley wakahamisha mgahawa wao wa Mr Underhill's kutoka Suffolk kuja pembeni ya mto pale Dinham. 2000 kijana wa Kifaransa kutoka Lyon, Claude Bosi, aliyekuwa ameshajitengenezea jina kwenye hoteli ya Overton Grange nje kidogo ya mji, akafungua Hibiscus pale Corve Street, na kufikia 2004 alikuwa na nyota mbili. Hebu fikiria, mji wa watu elfu kumi una migahawa mitatu ya nyota kwa wakati mmoja. Magazeti yalichizika. Hoteli zikajaa watu wanaokuja kula Ijumaa kwa Hill, Jumamosi kwa Bosi, Jumapili wanarudi wakiwa wamevimba.

Kwa nini pale na si Shrewsbury ambayo ni kubwa zaidi? Kwa maoni yangu nyumba ndo zilikuwa chambo. Mpishi mzuri asiye na mwekezaji angeweza kupata jengo Ludlow kwa hela ambayo London isingemtosha, akaishi juu na kupika chini, na akiwa na meza saba nane hahitaji jeshi la wafanyakazi. Nyama, mboga, jibini, ndege wa kuwindwa, vyote viko jirani. Na lile lundo la majengo ya kale, karibu 500 yanayolindwa kisheria, lenyewe linachagua aina ya mgahawa, maana huwezi kubomoa ukuta wa 1600 na kitu ili uweke meza mia, hata bomba la kutolea moshi jikoni unaliombea kibali. Vyumba ni vidogo, dari liko chini, sakafu imepinda. Kampuni zenye matawi mia nchi nzima hazipendi mambo hayo. Mpishi mwenye wazimu kidogo anayapenda.

Ila hapohapo ndo penye tatizo. Mgahawa wa nyota mbili wenye viti vichache unahitaji viti vyote vijae, na si Jumamosi ya Juni tu, hata Jumatano ya Februari mvua inanyesha na giza limeingia saa kumi na moja. Wenyeji hawawezi kukubeba. Mwalimu wa shule ya Ludlow atakuja kwako mara moja kwa mwaka, siku ya ndoa yake, basi. Kwahiyo unategemea mtu wa mbali, masaa matatu ya treni. The Merchant House ikafungwa 2005. Hibiscus ikahamia Mayfair, London, 2007. Mr Underhill's wakafunga 2015. Lile jengo la Hibiscus likaingiwa na La Bécasse, mpishi Will Holland akapata nyota 2009, nayo ikapita, ikaja Mortimers kwenye chumba kilekile cha mbao. Kila mara mtu anaandika tanzia ya mji. Jamani, nyota ni ya mpishi, mji ulikuwa mwenyeji wake tu, akihama anahama na ustadi wake na hakuna wa kumlaumu. Claude Bosi kuondoka ilikuwa hesabu ya kawaida ya biashara, na mi ningefanya hivohivo.

Na aliacha mtu. Mdogo wake Cedric akashika The Charlton Arms, pabu yenye vyumba vya kulala pale daraja la Ludford, baraza zake zinaning'inia juu ya mto. Chakula cha pabu kilichopikwa na mkono wa Kifaransa bila makeke, mchana unakaa nje unaangalia maji, hakuna anayekupa somo la kila kipande kilichoko kwenye sahani. Ukiniuliza urithi wa ile miaka ya nyota uko wapi nitakuonyesha hapo kabla ya mgahawa wowote wa vijisahani.

Sasa tuingie kwenye kitu ambacho mi naona ndo moyo wa habari, bucha.

Ludlow bado ina bucha za familia katikati ya mji, majina kama D. W. Wall na Griffiths yako pale miaka mingi, na hilo siku hizi Uingereza ni jambo la kushangaza kwa sababu miji mingi ya saizi hiyo bucha zimekufa, supamaketi imemeza kila kitu. Supamaketi Ludlow nayo inayo, Tesco yenye paa la wimbi pale Corve Street, watu waligombana nayo miaka kabla haijajengwa. Haikuziua bucha. Sababu naiona kwenye kalenda. Tamasha la chakula la Ludlow lilianza 1995, wafanyabiashara wa mji wenyewe walilianzisha, linafanyika ndani ya ngome kila Septemba. Machi 1996 serikali ikatangaza bungeni kwamba ugonjwa wa ng'ombe wazimu huenda umeingia kwa binadamu, Ulaya ikapiga marufuku nyama ya ng'ombe ya Uingereza, na 2001 ukaja ugonjwa wa miguu na midomo, mifugo kwa mamilioni ikauawa na mingi ikachomwa moto mashambani. Ghafla mwananchi ambaye maisha yake yote alikuwa ananunua nyama kwenye plastiki akaanza kuuliza huyu ng'ombe katoka wapi. Supamaketi ilikuwa haina jibu la haraka. Mtu wa bucha Ludlow alikuwa anakutajia shamba, pengine na mwenye shamba. Hiyo ndo bahati ya ule mji, swali lilipokuja walikuwa tayari na jibu, na walikuwa wameshajifunza kulitangaza kwenye tamasha.

Ndani ya tamasha kuna kitu kinaitwa Sausage Trail, unakata tiketi unazunguka bucha moja baada ya nyingine unaonja soseji ya kila moja kwenye mkate, alafu unapiga kura. Watu wazima kabisa wanabishana barabarani kuhusu soseji. Mi napenda kwamba mwamuzi ni mtu wa kawaida aliyeshika kikaratasi na kalamu, si mkaguzi aliyekuja kwa siri.

Kwahiyo chakula cha mchana Ludlow kinaanzia buchani na sokoni, hakianzii mgahawani. Unachukua pai la nyama, au soseji iliyoviringishwa kwenye unga, jibini kipande kutoka duka la jibini, mkate, tofaa, unaenda kukaa kwenye nyasi chini ya ngome au kule Dinham pembeni ya mto. Kuna na mikahawa midogo ya supu, sandwichi, skonzi na jamu na krimu nzito, chai kwenye birika, akina mama wanaosuka stori masaa mawili kwa kikombe kimoja na hakuna anayewafukuza. Kuna wenye kiwanda kidogo cha bia, Ludlow Brewing, wamekaa kwenye banda la zamani la mizigo ya reli karibu na stesheni, ukisubiri treni ni mahali pazuri kuliko benchi. Ukiwa na gari, kilomita chache nje ya mji pale Bromfield kuna Ludlow Farmshop, duka kubwa la shamba lililofunguliwa 2007 na vitu vingi wanavitengeneza palepale, ila pale tayari umeshaingia kwenye maegesho na vikapu vya zawadi, si gulio tena. Mi naenda mara moja moja.

Na bei ya mchana kuwa nafuu si ukarimu peke yake, kodi inahusika. Uingereza chakula baridi cha kuondoka nacho VAT yake ni sifuri. Ukikaa mezani, kiwe baridi kiwe moto, ni asilimia 20. Cha moto cha kuondoka nacho, asilimia 20. Sasa pai je? 2012 waziri wa fedha George Osborne alitaka pai na vitafunwa vya moto vyote vikatwe VAT, nchi nzima ikachachamaa, baada ya miezi kama miwili akarudi nyuma, na tulichobaki nacho ni sheria ya ajabu kwamba pai lililotoka oveni likaachwa lipoe lenyewe halina VAT, hata kama umelinunua likiwa bado na uvuguvugu, ila likiwekwa kwenye kabati la kulitunza moto linakatwa. Yaani kati ya pai la buchani na pai lilelile kwenye sahani ya pabu, moja ya sita ya hela unayolipa pabu inaenda kwa serikali kabla hujamlipa mpishi, mhudumu, umeme na mwenye nyumba. Watu wanaolalamika pabu ghali wangeanzia hapo.

Usiku hesabu inakuwa mbaya zaidi. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilipanda mpaka pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, mwezi huohuo mchango wa bima ya taifa anaolipa mwajiri ukapanda kutoka asilimia 13.8 mpaka 15 na unaanza kukatwa kwenye mshahara wa pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100, na punguzo la kodi ya majengo kwa migahawa na pabu likashushwa kutoka asilimia 75 mpaka 40. Vyote Aprili moja. Mimi siwezi kuwalilia matajiri wa hoteli kwa sababu mfanyakazi kulipwa vizuri ni haki, na ile sheria ya Oktoba 2024 inayomlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote ni sheria safi kabisa. Ila mgahawa wa viti ishirini na tano kwenye jengo la mbao hauna pa kujificha. Wapishi nao hawapatikani kirahisi, vijana wanaondoka kwenda Birmingham na Manchester, Wazungu wa Ulaya mashariki waliokuwa wanashika jiko hawaji tena kama zamani tangu Brexit ilipofunga mlango mwanzoni mwa 2021, na aliyetaka kumleta mpishi kwa viza ya kazi, Aprili 2024 kima cha mshahara cha viza hiyo kilirushwa mpaka pauni 38,700 kwa mwaka. Kwa mji mdogo hela hiyo ya mpishi wa kawaida ingetoka wapi?

Ndo maana unakuta mgahawa unafungua siku nne kwa wiki, menyu fupi, bei moja kwa kozi zote, na ukifika saa tatu na robo usiku jiko limeshazimwa. Mgeni kutoka Dar au Mombasa aliyezoea kula saa nne analala na njaa. Hata mchana, pabu nyingi jiko linafunga saa nane au nane na nusu alafu linafunguliwa tena saa kumi na mbili jioni, katikati hapo utapewa kipakiti cha krispi. Si roho mbaya, mpishi mmoja hawezi kusimama masaa kumi na mbili.

Kitu kimoja kinanikera kwenye menyu za usiku, huo wimbo wa chakula cha hapahapa. Kila pabu Shropshire imeandika kwamba nyama ni ya hapahapa, mboga za hapahapa, na pengine ni kweli, ila kuna sehemu ukiuliza shamba gani unaona mhudumu anaangalia dari. Niliwahi kula mahali ambapo menyu ilisifia mabonde ya Shropshire mstari mzima alafu chipsi zikaja zile za mfuko wa friza. Kipimo changu ni rahisi tu, angalia kama wana fidget pie. Hiyo ni pai ya asili ya Shropshire, nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa chumvi, matofaa, vitunguu, viazi, mara nyingi na saida, ile pombe ya matofaa, ndani. Haina urembo, haipendezi kwenye picha, anayeipika anaipika kwa sababu anaijua. Kipimo cha pili ni majira. Ndege aina ya pheasant wanawindwa kuanzia Oktoba mosi mpaka Februari mosi, sasa mtu anayekuwekea ndege huyo Julai kama mzigo mpya wa wiki hii muulize vizuri. Na ile stika ya usafi wa jiko, sifuri mpaka tano, England kuibandika mlangoni ni hiari wakati Wales, hapo jirani tu, ni lazima tangu 2013. Mgahawa wa England usioibandika una sababu zake, nawaachia wenyewe.

Kuna sehemu ya usiku ambayo waandishi wakubwa hawaigusi na mi naona ni dharau. Wenyeji wanakula wapi Jumatatu usiku? Wanakula kari. Wanakula kwa Mchina. Wanakula samaki na chipsi kwenye karatasi na siki juu. Migahawa inayoitwa ya Kihindi Uingereza mingi imefunguliwa na Wabangladeshi, hasa watu wa Sylhet, wakasambaa mpaka miji midogo ya mipakani kama huu, wakafungua usiku ambao wengine wamefunga, wakalisha watu miongo mitano bila gazeti hata moja kuwaita wajenzi wa utamaduni wa chakula. Ukihesabu sahani zilizoliwa Ludlow usiku kwa mwaka, sidhani kama nyota ziliwahi kuwakaribia hawa. Ila msitegemee kukuta pilau ya nyumbani au mishkaki, hiyo nenda Leicester, kule Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 na ndugu zao wa Kenya na Tanzania walihama na majiko yao, mogo ya kukaanga, yaani muhogo, unapata mpaka usiku.

Kwa ndugu zangu Waislamu, tuambizane ukweli. Soseji nilizozisifia hapo juu karibu zote ni kitimoto, pai nyingi pia, na hata za ng'ombe hazijachinjwa kihalali. Chipsi uliza zinakaangwa kwa mafuta gani, kuna maduka Uingereza, hasa kaskazini na kule Black Country upande wa Birmingham, bado yanatumia mafuta ya ng'ombe. Sheria inamlazimisha muuzaji kukuambia vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga, maziwa, samaki na kadhalika, ila nguruwe na pombe havimo kwenye hiyo orodha, kwahiyo usipouliza hakuna anayelazimika kukutajia, na mvinyo kwenye mchuzi ni jambo la kawaida kabisa. Kwenye migahawa ya Wabangladeshi waulize nyama ni ya halali au la, watakujibu bila kukasirika. Mchana una nafuu, mikahawa mingi ina supu za mboga, mayai, jibini, keki, na soko lina matunda. Wahudumu wa miji hii ni wapole, ukimwambia mama wa kaunta siwezi kula nyama hii, anakutafutia kingine na kukuita mpenzi juu yake, usishtuke, wanamwita kila mtu hivo.

Jumapili ndo siku pekee ambayo mji wote unakula chakula kimoja kwa wakati mmoja. Nyama ya kuoka, viazi vya kuoka kwenye mafuta, kabichi, karoti, Yorkshire pudding iliyofura (kama andazi la kuoka la unga, mayai na maziwa, si tamu), gravi nyingi. Hapo hata mwenyeji anakaa mezani, bibi, watoto, mbwa chini ya meza, na usipobuku utazungushwa pabu tatu ukiambiwa samahani. Ni chakula kizuri mno kikipikwa na mtu anayejali, na kikipikwa na asiyejali ni nyama ngumu iliyokaa kwenye mvuke tangu saa tano, hakuna cha katikati. Shida ya Jumapili ni kwamba soko la kawaida halipo na bucha zimefunga, kwahiyo umekula vizuri ila mji hujauona ukifanya kazi.

Mi siku yangu ni Ijumaa. Soko lipo, bucha zimeshusha mzigo wa wikiendi, umati wa Jumamosi haujafika, na ukitaka pabu jioni jiko linawaka. Jumanne soko hakuna, nusu ya migahawa imefunga milango, msiende.